Kikosi cha Kumrudisha Mdogo Wangu

Mwezi wa kwanza, wakati watu wa Moshi wanahangaika na sare za shule, mimi nilikuwa nahangaika na waendesha baiskeli wa Ulaya. Nilikaa nao ofisini kwangu Pasua, nikala nao mezani kwangu Shirimatunda, na mke wangu akiniuliza jambo nilimjibu jambo lingine kabisa. Alidhani nina mgonjwa ninayemficha.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Uko kwenye mtandao. Kila mwanzo wa mwaka unapewa bajeti ya pointi na orodha ya waendesha baiskeli wote wa kulipwa duniani, kila mmoja na bei yake, kulingana na alivyofanya mwaka uliopita. Aliyeshinda sana ni ghali. Aliyeumwa, aliyezeeka na mgeni asiyejulikana ni rahisi. Unachagua kikosi chako, unabonyeza kitufe cha kuthibitisha, na hapo umekwisha. Hakuna kuuza, hakuna kununua, hakuna mchezaji wa akiba. Mtu wako akianguka mwezi wa tatu akavunjika mtulinga, utakaa naye hivyo hivyo mpaka Oktoba, kama unavyokaa na ndugu. Kila anaposhika nafasi nzuri katika mbio yoyote ya kweli, wewe unapata pointi. Mwisho wa msimu mwenye nyingi ndiye mshindi.

Mimi ndiye niliyeuleta mchezo huu Moshi. Wapo watakaosema najisifu. Nasema kwa sababu ni kweli na hakuna mwingine wa kulisema. Nilijifunzia Ubelgiji, katika kantini ya ghala la mboga za kugandishwa, ambako nilianza kwa kukwangua barafu sakafuni na kumaliza nikiwa fundi mkuu wa mitambo ya zamu yangu. Katikati ya hapo nilisoma jioni, kwa lugha yao ile ya kukwaruza koo, nikapata stashahada ya ufundi wa majokofu. Imetundikwa ofisini, juu ya meza yangu, mahali ambapo mteja akikaa hawezi kuikwepa. Vyumba vya baridi vya hoteli kadhaa hapa mjini nimevifunga mimi. Tangi la kupoza maziwa la wafugaji wa huko juu nimelifunga mimi. Nyumba ya Shirimatunda nimeijenga mwenyewe, kwa maana ya kwamba nilisimama pale kila siku kuwaambia mafundi wanakokosea.

Naeleza haya ili ieleweke nimetokea wapi. Mimi ni mtoto wa katikati. Kwetu Machame, mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa la ukoo. Wa mwisho hurithi nyumba ya wazazi na kihamba kinachoizunguka, kwa kuwa yeye ndiye atakayebaki na mama. Wa katikati huombewa. Mimi niliombewa vizuri, nikaondoka.

Nyumba ya wazazi, basi, ni ya mdogo wangu. Nilipokuwa najiandaa kurudi nyumbani nilimtafutia kazi kwenye ghala lile lile, nikiamini atakaa kidogo, ajifunze ufundi, naye arudi. Alikuja mara moja tu, kumzika baba. Tangu hapo kila Desemba ana sababu. Mara likizo imekataliwa, mara tiketi zimepanda, mara bosi mpya. Na kila Desemba mama alikuwa anamwita mtu apake chokaa chumba chake, akitoa kitanda nje na kukirudisha, kisha anauliza kwa sauti ya kupita tu, kama anayeulizia mvua, "Amesema nini?"

Asiyetoka kwetu hajui Krismasi ni kitu gani. Magari yanapanda mlima kutoka kila mkoa. Kila nyumba kuna moshi, kuna mbuzi, kuna watoto wanaozungumza Kiswahili cha Dar mpaka bibi zao hawawaelewi. Ibada ikikaribia kuisha, mchungaji huwaomba waliotoka mbali wasimame, wataje wanakotoka na nyumba yao, usharika uwapokee. Krismasi ya kabla tu ya mwezi ule wa kwanza kaka yetu mkubwa alisimama na wanawe, mimi nikasimama na wangu, ingawa Shirimatunda si mbali. Mama alikuwa amekaa kati yetu akitafuta wimbo kwenye kitabu, na wimbo ulikuwa umeshaimbwa. Mwanamke wa benchi la nyuma akamuuliza kwa upole, "Na yule wenu wa mwisho?" Mama akasema, "Yupo salama." Nikaona kidole chake kimekaa kwenye ukurasa ule ule mpaka baraka.

Wiki iliyofuata nilimpigia mdogo wangu.

"Nakuja, kaka. Ila si mwaka huu."

"Mwaka huu ndio kwanza umeanza. Unajuaje?"

Nilisikia mashine za ghala nyuma yake, mngurumo ninaoujua kuliko sauti za watoto wangu.

"Nikija hamtaniacha niondoke," akasema.

"Nani atakushika?"

"Hamtanishika. Mtanitazama tu. Mama atanionyesha paa linapovuja. Kaka mkubwa atanionyesha mpaka wa shamba. Wewe utaniuliza nina umri gani sasa. Nitakaa nikitazamwa mpaka nione aibu kufunga sanduku."

Nikasema, kwa kukwepa tu, kwamba mchezo wa baiskeli umefunguliwa na safari hii nitamwonyesha. Mwaka uliopita alikuwa amenishinda. Nilimfundisha mimi, akanishinda mimi, kwa sababu yeye yuko kule, anasimama kando ya barabara akiwaona kwa macho, na mimi nawasoma kwenye simu nikiwa juu ya ngazi na bisibisi mdomoni.

Akacheka. Kisha akasema polepole, "Sawa. Tuuwekee kitu. Ukinishinda, Krismasi nipo nyumbani. Nikikushinda, huniulizi tena habari za kurudi. Si wewe, si kwa kupitia kaka mkubwa, si kwa kupitia mchungaji."

"Mpaka lini?"

"Huniulizi tena, kaka."

Nikakubali. Mimi ni mtu wa neno langu, mjini wote wanajua, na hiyo ndiyo ilikuwa shida: nikishindwa nitalazimika kunyamaza kweli. Mama atauliza "Amesema nini?" na mimi sitakuwa nimeuliza.

Hivyo ndivyo kikosi kilivyokuwa mzigo. Niliandika majina, nikayafuta. Nilisoma habari za magoti ya watu ambao sitawaona maishani. Jirani yangu wa dukani, muuza vitambaa, mzaliwa wa Pasua ambaye wazee wake walitoka pande tatu tofauti za nchi, alikuwa akija kusimama mlangoni kila asubuhi baada ya kutundika khanga zake. Huniita Mangi, kama mjini wanavyomwita kila Mchaga mwenye duka. Mimi humwita Shehe, ingawa si shehe.

"Mangi, bado tu?"

"Nafikiri."

"Mke ulimchagua kwa muda gani?"

"Yule sikuchagua, Shehe. Tulikubaliana."

"Basi na hawa kubaliana nao, tufungue duka."

Yeye alikuwa ameshaingia mchezoni, kwa kuniudhi tu. Kikosi chake alikichagua kabla kahawa yake haijapoa, akiangalia jezi. Wa bluu iliyokoza aliwachukua wote. "Rangi hii haichuji," aliniambia. Sikucheka. Yeye hakuwa na kitu cha kupoteza. Desemba kwake ni mwezi wa Wachaga kuhama mji na kumwachia maduka ayalinde.

Mpaka Jumamosi nikawa na mpango, na niliuona mzuri. Nilimchukua wa kwanza wa dunia, yule ambaye hata asiyejua baiskeli anamjua, akala sehemu kubwa ya bajeti. Kisha kijana mmoja wa Amerika ya Kusini, mgeni kabisa, bei ya bure, ambaye kila mwandishi alikuwa anasema atakuja kuwa moto. Nilimpenda yule kijana kuliko wote. Nafasi zilizobaki nilizijaza na watu wa bei ya chini kabisa, majina ya kujaza, maana bajeti ilikuwa imekwisha.

Jumapili nilipanda Machame. Mama alikuwa jikoni, jiko la nje la kuni, ingawa nimemnunulia la gesi la pleti tatu ambalo amelifunika kitambaa. Alikuwa anapika mtori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Sijakonda."

"Basi una mawazo. Kaa."

Mama alijua habari za mchezo, hakujua habari za dau. Aliupenda kwa sababu moja tu, kwamba ni kitu ambacho wanawe wawili wanaongea. Kila mwaka hunitaka nimsomee kikosi. Majina hawezi kuyatamka, hivyo huuliza mengine: huyu ni wa wapi, baba yake anafanya kazi gani, amebatizwa. Nikajibu ninayoyajua na mengine nikabuni. Nikamweleza kwamba wa kwanza amechukua karibu kila kitu, ila ni halali yake, na huyu mdogo wa mwisho ndiye tumaini letu.

Akawa anaponda ndizi kwa mwiko, kichwa ameinamisha.

"Na hawa wa katikati?"

"Hao wa kujaza tu, mama."

"Wa kujaza."

"Bajeti iliisha."

Akaonja, akaongeza maji kidogo. "Baba yako naye aligawa hivyo," akasema. "Nilimwambia. Nisogezee chumvi."

Nikamsogezea chumvi. Alinipakulia bakuli, nikala mtori wote, nikaongea habari za ng'ombe wake ambaye maziwa yalikuwa yamepungua, nikamkagulia paa. Linavuja kweli, upande wa chumba cha mdogo wangu. Sikumwambia mama neno lolote kuhusu alichosema na yeye hakukirudia. Lakini nilipokuwa nashuka na gari kati ya migomba, uso ulikuwa unaniwaka kama nimepigwa kofi mbele za watu. Nina stashahada. Nimefika nilikofika bila kukatiwa hata mstari mmoja wa kahawa. Na nilipopewa mimi kugawa, niligawa hivyo hivyo, kwanza na mwisho, bila hata kufikiri, kama mtu anayesaini jina lake.

Nilifika nyumbani, sikuvua viatu. Nilikaa sebuleni na kikokotoo na kuanza upya. Hapa naomba nijisifu kidogo, maana hesabu ni zangu. Nilichukua matokeo ya miaka iliyopita na kuwafuata watu wa bei ya kati mmoja mmoja. Si watu wa magazeti. Ni wa nafasi ya tano, ya nane, ya kumi na moja, mbio baada ya mbio, kuanzia baridi ya Februari mpaka matope ya Oktoba, hawaumwi, hawapumziki, hawasusi. Nikaona kwamba wanne wa namna hiyo wanaweza kumfikia yule mmoja mkubwa. Wanaweza. Hesabu haikusema watamfikia.

Ilibidi nimtoe mkubwa ili niwapate. Nilimtoa, nikamrudisha, nikamtoa. Yule kijana wa Amerika ya Kusini sikuweza kumtoa, nikambakiza. Siku ya kufunga, asubuhi, nikiwa ofisini na umeme ukiwa umekatika na simu imebaki na chaji ya mstari mmoja, nikabonyeza kitufe. Nilijisikia kama fundi aliyekata bomba kabla ya kuuliza lina gesi au halina.

Vikosi vikishafungwa kila mtu huviona vya wenzake. Shehe alikuja mlangoni na simu yake mkononi.

"Mangi, yule jamaa yuko wapi?"

"Nimemwacha."

"Hata mimi nisiyejua baiskeli namjua yule."

"Ndiyo maana ni ghali."

"Na hawa wako wengine nani? Kuna mtu hapa hana hata picha."

Mdogo wangu naye akatuma sauti. Alikuwa anacheka mpaka maneno yanakatika. "Kaka, umemwacha? Aisee. Haya, nisalimie wote Krismasi. Mle na sehemu yangu."

Alikuwa amemchukua yeye, bila shaka.

Miezi iliyofuata sitamani irudi. Yule mkubwa alishinda Machi, akashinda tena Aprili, akashinda kwa namna ya kuudhi, peke yake, wenzake wakiwa hawaonekani hata kwenye picha. Kijana wangu alianguka kwenye kona yenye mvua akavunjika mkono. Mmoja wa wale wanne wa kati alipata homa na akachelewa kupona. Katika ligi yetu ya watu watatu mdogo wangu alikuwa wa kwanza, Shehe na watu wake wa bluu wa pili, na mimi niliyeuleta mchezo nilikuwa wa mwisho. Shehe alikuwa akinisalimia "Mwalimu."

Wasiwasi wenyewe ulikuwa wa ajabu, maana haukuwa na saa ya kuisha. Mechi ya mpira unaumia, inaisha. Huu ulikuwa kila siku. Nilikuwa juu ya ngazi kwenye bucha moja, nikibadilisha feni ya chumba cha baridi, simu ikalia mfukoni na matokeo ya mbio ya Hispania, nikasoma, nikaifunga feni ikawa inazunguka kinyume. Nilirudi siku ya pili kuirekebisha bila malipo. Haijawahi kutokea kabla na haijatokea tena, na mwenye bucha ni shahidi.

Nilipokuwa nikipanda kwa mama alikuwa anauliza, "Mtoto wako yule amepona?" Nilijua anamaanisha yule wa mkono. Nikamwambia bado. "Muombeeni," akasema, kisha, baada ya muda, "Na mwenzako amesema nini?" Nikamwambia anafanya kazi sana. Mwezi wa sita alikuwa ameanza kuulizia bei ya chokaa.

Julai, katika mbio kubwa ya Ufaransa, yule mkubwa alitamba wiki zote. Nilihesabu nikaona nimekwisha. Nilianza kujizoeza kunyamaza. Kuna Jumapili moja niliongea na mdogo wangu kwa muda mrefu na sikugusa habari za kurudi, nikaona jinsi mazungumzo yalivyobaki mepesi, kama chai bila majani. Tulimaliza mambo ya kusema mapema. Tukaagana mara mbili.

Kisha Agosti ikaja, na yule mkubwa akatangaza kwamba amechoka, anapumzika, atarudi mwishoni kabisa. Watu wa namna ile hupumzika. Wangu hawakuwa na mahali pa kupumzikia. Wakaenda Ujerumani, wakaenda Kanada, wakazunguka vijiji vya Ubelgiji katika mbio ambazo hata televisheni haziendi. Wa tano. Wa nne. Wa tisa. Mmoja akashinda, mara ya kwanza katika maisha yake, akalia kwenye kamera, na mimi peke yangu Pasua nikakaa chini. Hata kijana wa mkono alirudi Septemba akaokota mbili tatu. Nikampita Shehe. Nikaanza kuona mgongo wa mdogo wangu.

Sauti zake zikawa fupi. Hakucheka tena.

Mbio ya mwisho ilikuwa Italia, Jumamosi, mwezi wa kumi. Niliitazama ofisini, Shehe akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kahawa na kashata katikati yetu. Yule mkubwa alikuwa amerudi. Akaondoka kwenye mlima mrefu kama kawaida yake, mbali kabisa na mwisho, na hakuna aliyejisumbua kumfuata.

"Huyo kaenda," Shehe akasema.

"Naona."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo inategemea wanaokuja nyuma."

Intaneti ikakwama. Picha ikaganda juu ya mti na kipande cha gurudumu. Ilipokaa sawa mkubwa alikuwa ameshamaliza, ameinua mikono, na nyuma yake wanaume walikuwa wanafika mmoja mmoja, nyuso nyeusi kwa vumbi, na sikuweza kuwatambua wangu. Nilijua namba zao kwa kichwa lakini namba zilikuwa mgongoni. Shehe alisogeza uso kwenye simu. "Huyu ni wako? Huyu asiye na picha?" Alikuwa wangu. Wa sita. Mwingine wa tisa. Baada ya hapo wakaanza kupiga wimbo wa taifa.

Hesabu kamili za mchezo hazitoki mara moja. Shehe alienda kuswali, akarudi, akauliza bado, nikasema bado. Mteja mmoja alikuja na friji mgongoni mwa bodaboda, nikamwambia aje Jumatatu, mimi ambaye sijawahi kumrudisha mteja. Zilipotoka nilikuwa juu ya mdogo wangu kwa pointi ambazo ningeweza kuzihesabu kwa vidole vya mikono. Nilisoma mara kadhaa nikiogopa nimesoma kinyume. Shehe alichukua simu akasoma mwenyewe.

"Mangi, umeshinda. Mbona huna furaha?"

Nilikuwa nangoja sauti kutoka Ubelgiji na haikuja. Haikuja siku ile wala wiki ile. Nilianza kufikiri nimemshinda na kumpoteza kwa mara moja, kwamba ataona aibu na kuzima simu, na mama akiuliza sitakuwa hata na kisingizio cha kumpa. Ilipokuja ilikuwa meseji, si sauti. "Nimekata tiketi. Usimwambie mama."

Sikumwambia. Lakini nililiogopa jambo jingine, ambalo Januari halikunijia kabisa. Mama alitaka mwanawe arudi, na mimi nilikuwa nimempata mchezoni kama mtu anavyoshinda mbuzi kwa dau. Akijua, atakuwa na mtoto mezani ambaye hakuja kwa ajili yake. Bora nani, aliyekosa kuja au aliyeletwa?

Nilimpokea uwanja wa ndege akiwa na jaketi zito na macho mekundu. Njiani aliongea habari za ghala. Tulipoacha lami na kuanza kupanda, akafungua kioo.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba akimkatia ng'ombe migomba. Alisikia gari, akatokea na panga mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakulia, hakupiga kelele. Aliliegemeza panga ukutani, akamshika mikono yote miwili juu ya kiwiko, akaiminya kama anayekagua. "Mae!" akashangaa kwa Kichaga. "Kule hawapiki?"

Tukaingia jikoni. Alikoka moto, akaweka sufuria, akatupatia vigoda. Kwa muda alikuwa anatutazama kwa zamu, yeye, mimi, yeye. Mimi nilitazama jiko la gesi chini ya kitambaa chake.

"Umekuja mwenyewe," akamuuliza, "au umeletwa?"

Nikasukuma ukuni motoni, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri.

"Nimeshindwa, mama," mdogo wangu akasema. "Ule mchezo wetu wa baiskeli. Tulikubaliana kaka akinishinda nije. Akanishinda."

"Kwa nyingi?"

"Kidogo sana."

"Na ungeshinda wewe?"

Akatazama moto. "Ningebaki."

Mama akafunua sufuria, mvuke ukampanda usoni, akaifunika tena. Nilisubiri. Nilikuwa nimesubiri mwaka mzima mambo ya watu wengine kwenye barabara za watu wengine, na hakuna hata moja lililonitia hofu kama mfuniko ule.

"Mwakani mnacheza tena?"

"Tunacheza kila mwaka," mdogo wangu akasema.

"Basi na mwakani ushindwe."

Akacheka yeye kwanza, mdogo wangu, akaziba uso kwa mkono. Mama hakucheka. Alimtuma akamalizie migomba ya ng'ombe, naye akavua lile jaketi na kwenda. Tulimsikia nje akihangaika na panga, limekuwa zito mkononi mwake.

Ndipo mama akanigeukia mimi.

"Na wewe," akasema, akinipa bakuli, "usije ukashindwa."

Nikasema sawa, mama. Nilipokea bakuli kwa mikono miwili, na ilinibidi niliweke chini kwanza, maana nilikuwa nimeshaanza kufikiria bei za mwezi wa kwanza. Wale wanne, kwa walichokifanya mwaka huu, sasa watakuwa ghali.